Moto Hausalimiwi

Mwalimu mkuu wa sekondari moja hapa Bariadi ameniomba kurasa chache za kuwatia moyo vijana wanaomaliza shule. Kasikia nimefanya kazi nchi tatu na nasema lugha sita, basi anataka niandike "safari yangu ya mafanikio". Kuandika nimekubali. Hayo mafanikio mtayatafuta wenyewe humu ndani, mkiyaona mniletee.

Nianze kwa kusema kwamba mnanichosha. Mnakuja hapa kwangu Somanda na bodaboda, mnakaa kabla ya kukaribishwa, simu mkononi, mnasema, "Mzee Shija, tupe koneksheni za nje." Nje. Utadhani nje ni duka lenye mlango mmoja na ufunguo ninao mimi. Mwaka jana mmoja alinionyesha wasifu wake, karatasi nzuri yenye picha yake amevaa tai. Ameandika lugha nne: Kiingereza, Kiswahili, Kifaransa, na Kichina "kwa kiasi". Nikamwuliza Kisukuma kiko wapi. Akasema hicho hakihesabiki. Mama yake anauza dagaa Lamadi kwa Kisukuma, ada yake imelipwa kwa Kisukuma, yeye hakihesabu. Nikamwambia haya, niambie kwa Kichina, "Toka hapo, ukuta unaanguka." Akacheka, akidhani namtania.

Mwezi uliopita alikuja binti wa namna nyingine. Anaitwa Limi, ni muuguzi, amezaliwa Mwamapalala. Alipiga magoti mlangoni, akanisalimu salamu nzima ya kwetu, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Baba yake, Maduhu, alikuwa dereva wangu Msumbiji. Mimi ndiye niliyempeleka kule, na alirudi kwenye sanduku Limi akiwa bado anabebwa mgongoni. Binti aliniuliza mambo mawili. La kwanza, afanyeje apate kazi ya uuguzi nje. La pili, baba yake alikufaje hasa, maana nyumbani wanasema "ajali" tu.

Lile la kwanza nilimjibu kwa saa mbili. Lile la pili nilimwagizia soda. Nikamwambia baba yake alikuwa mtu hodari, mwenye moyo, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Akashukuru. Kabla ya kuondoka akaomba aipige picha barua yangu ya sifa iliyo kwenye fremu ukutani, ile niliyoandikiwa na bosi wangu, ili naye siku moja apate ya namna hiyo. Nikamruhusu. Tangu siku hiyo sijala nikashiba. Kwa hiyo someni wote, lakini mjue namwandikia yeye.

Kazi niliianzia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika, chini ya fundi mkuu, Mzee Nkwabi. Mzee huyu hakujua Kiingereza hata cha kuagia, na Kiswahili chake kilichechemea. Lakini alikuwa akipita katikati ya mashine zote zinanguruma, anasimama, ananyoosha kidole: "Hii, ngozi yake imechoka." Tukifungua rola tunakuta ngozi imechoka kweli. Leo mnaita hicho kipaji. Hakikuwa kipaji, ni masikio, na masikio hayana cheti.

Siku moja nilisikia harufu. Pamba ikiungua hainuki kama kuni, inanuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Nikaona uzi mwembamba wa moshi chini ya mashine namba saba. Nikakimbia hadi kwa Mzee Nkwabi, aliyekuwa amekaa kwenye kreti ananoa kisu cha mashine. Sasa, mimi ni mtoto niliyelelewa. Kwetu humvamii mtu mzima na maneno kama unayemtupia jiwe. Nikachutama, nikamwamkia kwa Kisukuma kama babu yangu.

"Mwangaluka, guku."

"Mwangaluka. Nyumbani wazima?"

"Wazima."

"Ng'ombe?"

"Wazima, ila kuna ndama mmoja anaharisha."

Akataka kujua ndama anaharisha tangu lini. Nikamweleza. Akauliza mvua za upande wetu. Nikamweleza na mvua. Ndipo nikasema, kwa adabu zote, "Guku, kuna kamoshi kadogo kwenye namba saba."

Hamjui uzito wa kofi la mtu aliyefunga nati maisha yake yote. Tuliuzima ule moto kwa mchanga na magunia ya maji, na mashine mbili zilikufa. Jioni akaniita pembeni. "Shija," akasema, "mtu unamsalimia. Ng'ombe ukitaka msalimie. Moto hausalimiwi. Na usiniambie kamoshi kadogo. Moshi ni moshi." Msimu mzima nilipokuwa nikipita, mafundi walichutama wakisema, "Mwangaluka, moto." Nilicheka nao. Somo lenyewe liliingia sikio la kulia likatokea la kushoto.

Alinifundisha na jambo la marobota. Robota ni pamba nyuzi iliyoshindiliwa kwenye presi ikafungwa mikanda ya chuma. Jiwe likiingia na pamba likagonga kisu, linatoa cheche, na cheche ikipita hadi kwenye presi inafungiwa ndani ya robota. Nje huoni kitu. Robota limetulia kama bibi harusi, na ndani linaungua polepole, siku tano, kumi, zaidi. Unachukua chuma chembamba, unakichomeka hadi katikati ya robota, unakiacha kwa muda wa kuvuta sigara moja, unakichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, robota lile unaliburuta uwanjani peke yake, mbali na mengine, na hulifungui, maana ukilifungua unaupa moto pumzi. Unalilinda kama mgonjwa wa kutengwa. Hilo ndilo lote. Mtoto wa darasa la nne analielewa.

Enzi za ushirika karani wa kununua alikuwa anazamisha mkono hadi kiwiko kwenye gunia la mkulima, na pamba safi ilitengwa na fifi, ile chafu. Kisha ikaja ruksa, likaja soko huria. Nisieleweke vibaya, ushirika ulikuwa umeoza na waliouozesha tunawajua, wengine ni ndugu zetu. Lakini wale waliokuja kutuokoa! Walishuka kama nzige, kila mmoja na mizani yake kando ya barabara, kila mmoja anaogopa mwenzake asimwahi. Nani angezamisha mkono? Walinunua kwa macho, tena macho ya juu juu. Na wakulima wetu hawakuzaliwa jana. Kuanzia Mwanhuzi hadi Mwamanyili watu wakaanza kulowesha pamba na kuzika mawe katikati ya gunia. Wakawa wanajisifia vilabuni, huyu katia tofali, yule katia kichwa cha jembe. Mawe yale yote yalikuja kugonga visu vyetu, na moto ukawa mgeni wa kila wiki.

Ushirika ulipoanguka tulipunguzwa kazi. Mzee Nkwabi alipewa barua ya Kiingereza, akaniletea nimsomee, maana mimi nilikuwa nimejifunza lugha hiyo kwenye vitabu vya mashine. Barua ilisema huduma zake hazihitajiki tena. Mistari miwili, mikavu. Nikamtazama yule mzee, nikashindwa. Nikamwambia, "Wanakushukuru sana, guku. Wanasema upumzike kidogo."

"Wameandika hivyo?"

"Ndivyo walivyoandika."

Jumatatu iliyofuata mzee alikuja kazini na chakula chake kwenye kitambaa, amekwishapumzika. Mlinzi akamzuia getini mbele ya watu wote. Huo ndio ulikuwa ukalimani wangu wa kwanza duniani, na ningekuwa na akili ungekuwa wa mwisho.

Kampuni binafsi iliyochukua kiwanda ilimleta meneja mgeni, mtu mrefu mwekundu ambaye alizunguka nusu ya Afrika bila kuokota neno hata moja la mtu. Badala ya lugha alikuwa na filimbi shingoni. Akitaka mashine isimame, filimbi. Akitaka chai, filimbi. Tulimwita Filimbi, na kwa ajili ya adabu nitamwita hivyo hapa. Alipogundua kuna fundi anayejua Kiingereza, akanivalisha shati jeupe, nikawa mdomo wake.

Hapo ndipo nilipogundua biashara ya sukari. Siku moja Filimbi aliwapanga wafanyakazi akawatukana robo saa nzima, wavivu, wezi, wazembe, na mengine ambayo siyaandiki kwenye karatasi ya shule. Akamaliza, akanigeukia nitafsiri. Nikasema, "Bosi anawashukuru kwa uvumilivu wenu, anaomba muongeze bidii kidogo." Wakapiga makofi. Filimbi akashangaa, halafu akafurahi, akaona kumbe matusi yanafanya kazi. Kesho yake wapakiaji wakaniambia, "Mwambie huyo mzungu wako, kama hatuletewi maji ya kunywa leo, tutamfunga yeye kwenye robota." Nikamgeukia Filimbi nikamwambia vijana wanaomba maji kwa heshima na taadhima. Maji yakaja.

Kila upande ukaniona malaika. Filimbi akasema hajawahi kuona mtu anayejua kuishi na wafanyakazi kama mimi. Wafanyakazi wakasema, Shija ndiye anayetutetea. Kumbe nilikuwa nawavika wote kilemba cha ukoka, na cha kwangu nimejivika mwenyewe. Nawaona na ninyi mnavyoshangilia mtu mwenye maneno matamu, mnasema huyu anajua lugha. Hajui lugha. Anajua kuogopa kwa lugha nyingi.

Kampuni ilipopata kiwanda kaskazini mwa Msumbiji, Filimbi akahamishiwa kule na akanitaka mimi. Tulivuka Ruvuma kwa mtumbwi, mimi na kisanduku changu cha spana, kwenye nchi ambayo watu walikuwa ndio kwanza wanarudi mashambani baada ya vita. Kule watu wanasema Kimakua, na ofisini Kireno.

Nitawapa ujuzi mliokuja kuutafuta, ili msiseme nimewanyima. Lugha ya ugenini usijifunze kwa mabosi, watakufundisha kusema ndiyo. Jifunze kwa mama anayeuza chakula nje ya geti, kwa sababu yeye anasema bei, anasema njaa, anasema huyu mwizi msimkopeshe. Neno la kwanza kulijua siyo habari za asubuhi. Ni maji, ni moto, ni simama, ni inauma wapi. Jifunze matusi yao, siyo ya kutumia, ni ya kujua lini unatukanwa. Mtu akikusifia matamshi, shika mfuko wako. Na ukirudi nyumbani usijifanye umesahau lugha ya mama yako. Nimewaona waliokaa Nairobi miezi mitatu wakaja kusalimia kijijini kwa kupindisha mdomo kama waliong'olewa jino. Hata ng'ombe waliwashangaa.

Kireno nilikipata kwa mwaka mmoja. Mwaka wa pili kampuni ilihitaji dereva wa lori la kupeleka marobota bandarini, nikampendekeza Maduhu. Tulikua pamoja, yeye mdogo kwangu kwa miaka mitano, alikuwa akiniita kaka. Nilikwenda mwenyewe Mwamapalala kumwomba mama yake. Yule mama alinitazama sana, akaniita mwanawe. Akasema, "Unanichukulia mtoto, ng'wanawane. Utamtazama?" Nikasema nitamtazama. Mke wa Maduhu alikuwa amesimama pale na Limi mgongoni.

Maduhu aliendesha lori kama mtu anayechunga. Alilipanguza kioo, alilizungukia asubuhi akiliongelesha. Hakujua Kireno, hakujua Kimakua, na pamba aliijua ya shambani tu. Mambo ya ndani ya kiwanda hayakuwa kazi yake. Kila alichohitaji kujua kilipitia kwangu.

Nakuja sasa, Limi, kwenye swali lako.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, saa nne hivi. Lori limeshapakiwa nusu. Meli ilikuwa inasubiri bandarini, na Filimbi alikuwa ameniambia wiki ile ile kwamba akihamia Zambia nitakwenda naye nikiwa msaidizi wake, si mkalimani tena. Mkuu wa presi alikuwa Mmakua mmoja, Amade, mtu wa maneno machache. Akaniita. Chuma kilikuwa mkononi mwake, akanipa nikishike. Kilikuwa cha moto, nikakiachia.

"Robota moja kati ya yale ya jana," akasema kwa Kireno. "Nimelipata hili kwa sababu nililichoma chuma. Mengine yameshapanda juu ya lori na sijayachoma. Mwambie bosi lori lisiende. Yashushwe yote, yapimwe. Likienda litaungua njiani."

Hakuna neno hata moja ambalo sikulielewa. Nataka mlijue hilo. Msije mkasema lugha ilimchanganya mzee.

Nikaingia ofisini. Filimbi alikuwa anapiga simu kuhusu meli, uso umewiva. Nikasubiri amalize. Nikamwuliza amelalaje. Nikamsifia kwa uzalishaji wa wiki. Halafu nikasema, "Bosi, kuna mawazo kidogo kule presi, wengine wanaona pengine ingefaa tuyaangalie marobota machache kabla ya kuondoka, kama nafasi ipo."

"Nafasi haipo," akasema. "Pakieni."

Nikatoka. Nikamwambia Amade, "Bosi amekusikia, amelipima jambo lako, anakushukuru sana. Anasema pakieni."

"Amelipima lini?" akauliza Amade. "Hajatoka ofisini."

"Amelipima kwa uzoefu."

Amade alinitazama kama mnavyoutazama uchafu uliokwama kwenye soli. Akalitoa robota lile moja, akaliburuta uwanjani mwenyewe, akarudi kazini. Maduhu aliona yote kutoka kwenye mlango wa lori, na hakuelewa hata neno.

"Kaka," akaniita kwa Kisukuma, "huyu mbona kanuna? Anasema nini?"

Kisukuma chetu kina neno la moto. Ni neno fupi, nililijua kabla sijajua kuvaa suruali. Ningelisema moja kwa moja: ndani ya mzigo wako huenda kuna moto, ukiona moshi usifungue turubai, ruka, kimbia. Asingebishana. Kama angekwenda, angekwenda anajua. Lakini ningemwambia hivyo, angegoma kuondoka, Filimbi angetoka na filimbi yake, na ingejulikana kwamba kule ofisini sikusema nilichotumwa. Zambia ingekwenda na maji. Hayo yote niliyawaza, haraka, nimesimama juani na shati langu jeupe.

"Uchovu tu," nikamwambia. "Nenda salama."

Alianza safari. Mchana, kwenye mlima, aliona moshi nyuma. Aliyekuwa naye ndani, utingo wa kule kule, ndiye aliyetusimulia. Maduhu alisimamisha lori na utingo akaruka akakimbia, kwa sababu alikuwa mtoto wa kiwandani na alijua. Alimpigia kelele Maduhu kwa Kimakua, usifungue. Baba yako hakuelewa. Alifanya kile ambacho mtu wa Mwamapalala angefanya, ambaye zizi likishika moto hakimbii, anafungua mlango ng'ombe watoke. Alipanda juu, akakata kamba, akafungua turubai ili ayatupe chini marobota yanayoungua aokoe mengine. Upepo ukaingia.

Aliishi siku mbili hospitalini. Nilikuwepo. Mikono yote imefungwa, uso umefungwa, macho yanaona. Siku ya pili aliniuliza, na sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. "Kaka, yule jamaa wa presi. Alikuwa anasema nini?"

Nikamwambia, "Pumzika kwanza."

Akapumzika. Mimi ndiye niliyemnyima jibu, na hakuliuliza tena.

Nilimrudisha nyumbani. Bibi yako, yule mama aliyeniuliza kama nitamtazama mwanawe, alikaa chini mbele yangu na watu wamejaa ua. Kwetu habari ya msiba haitupwi, inazungushwa, na mimi nilizunguka kuliko mila inavyotaka. Nilisema lori lilikuwa bovu kidogo. Nilisema Maduhu hakuteseka. Nilisema ni mipango ya Mungu. Akaniuliza swali moja tu, "Palikuwa na mtu aliyejua?"

Nikasema, "Hapana, mayu. Nani angejua."

Akanishukuru, "Wabeja, umemrudisha." Siku ya kuondoka alinifungia michembe kwenye kitenge chake, viazi alivyovikausha mwenyewe, nisilale njaa njiani. Niliila yote kabla basi halijafika Dodoma. Njaa ilikuwa inaniuma kweli, na michembe ilikuwa mizuri.

Zambia nilikwenda. Nilikuwa msaidizi wa meneja, nikajifunza Kinyanja, nikajenga nyumba hii mnayokuja kuipiga picha. Filimbi alipostaafu aliniandikia ile barua. Na Amade? Alifukuzwa kazi mwezi ule ule wa moto kwa kutoa robota moja bila kibali, na tafsiri ya kufukuzwa kwake ilifanywa na mimi. Nilimwambia kampuni inamtakia kila la heri, na sikumwona tena.

Haya, mwalimu mkuu, hiyo ndiyo safari. Kama haifai kwa sherehe yenu, ichomeni. Msinipigie simu kuniambia ni nzuri ila ifupishwe, maneno ya namna hiyo nayajua yanavyotengenezwa.

Vijana, nendeni nje, sijawakataza. Wengi wenu mna akili kuliko mimi. Lakini mtakapokuwa mnahesabu lugha zenu, jiulizeni ni kwa ipi kati ya hizo mmeshawahi kumwambia mkubwa habari mbaya, nzima nzima, bila kumwuliza kwanza amelalaje. Kama hakuna, andikeni sifuri.

Limi, wewe ulienda na picha ya barua yangu na hukuisoma vizuri, najua, kwa sababu ungeisoma ungeuliza. Isome sasa. Mstari wa tatu kutoka chini, Filimbi anasema kwamba katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, sikuwahi hata siku moja kumpelekea habari mbaya. Nilikuwa naisoma hiyo kwa wageni kwa sauti. Nimeishusha ukutani, na pale ilipokuwa pamebaki alama nyeupe.

Sasa unajua alichouliza baba yako, na unajua nilichopaswa kumjibu. Ukitaka kuja kuniuliza zaidi, njoo. Usipige magoti mlangoni na usinisalimu. Ingia, uliza, na mimi nitajibu kabla sijakupa kiti.